Chupa za Kituo cha Chini

4 Februari

Pacha wangu,

Natumaini hamjambo huko bondeni, wewe na Mama. Mimi sijambo, ila tumbo limekuwa kubwa kuliko mwenye tumbo. Daktari amenikataza safari, amenikataza ngazi, amenikataza hata kuinama. Shinikizo la damu liko juu na mtoto bado hajafikisha siku zake. Basi kazi imenifuata nyumbani. Mwenzangu wa kazini, yule mrefu uliyembatiza Ngongoti siku ya harusi yangu, ndiye anayeingia mtoni na wavu. Anapindua mawe, anakusanya wadudu, anawatia kwenye chupa za spiriti na kuniletea. Mimi nakaa na hadubini sebuleni, miguu juu ya stuli, nawatenganisha kwa kibanio. Shemeji yako anasema nyumba inanuka kama zahanati.

Lakini sikukuandikia utani. Unajua sisi tunaupima mto kwa kuangalia wanaoishi ndani yake. Wapo wadudu wadogo wa chini ya mawe ambao hawavumilii uchafu hata kidogo: wale wenye mikia mitatu, na wale wanaojijengea vijumba vya mchanga. Wakiwepo, maji ni mazima. Wakitoweka, kuna jambo. Chupa ya kituo cha juu, kule msituni kabla ya yadi yenu, imejaa. Chupa ya kituo cha chini, mkabala na nyumba ya Mama, ina minyoo myekundu tu. Mwezi uliopita walikuwa wamepungua, nikasema labda mvua. Mwezi huu hawapo kabisa.

Katikati ya vituo hivyo viwili hakuna shamba wala nyumba. Kuna yadi yenu ya nguzo za umeme. Wewe ndiye msimamizi, nani mwingine nimuulize? Lile bwawa mnalomwagia dawa ya kuulia mchwa iliyobaki mkishaloweka nguzo, linavuja?

Mtandao huko kwenu ni wa kubahatisha, na maneno kama haya sitaki yapite kwenye simu, ndiyo maana nimempa Ngongoti barua. Mwambie Mama leo hii aache maji ya mto. Achote chemchemi ya mlimani, hata kama ni mbali. Na majirani waambie. Mimi nikimwandikia jambo la kutisha atafunga kitenge kiunoni aje huku kwa miguu.

Dada yako (nilitangulia kutoka, hata ukikataa),
Mama Vidudu

*

9 Februari

Mama Vidudu,

Barua imefika. Ngongoti aliinama kuingia ofisini kwangu na bado akagonga kichwa.

Pole na shinikizo. Nilitaka nikucheke, kwamba unanitishia vidudu visivyoonekana bila miwani. Lakini wewe si mtu wa kubahatisha, na mimi sijawahi kukudanganya nikafanikiwa. Ukuta wa bwawa una ufa upande wa mtoni. Niliuona kabla ya mwaka mpya, nikamwita Bosi. Alikuja, akausukuma kwa ncha ya kiatu, akasema, "Huu ulikuwepo tangu mimi kijana. Tumalize kwanza nguzo za serikali."

Nikamwambia, "Mzee, chini kuna watu."

"Na hapa je, kuna mbuzi? Nikifunga, unataka nianze kumfukuza nani?"

Nikarudi kazini. Vijana wa bondeni karibu wote wanakula kupitia yadi hii. Hata mume wa fundi cherehani, jirani wa Mama, yuko hapa kwenye pampu.

Nimepanga magunia ya udongo kwenye ufa. Naona yanasaidia. Nakuomba kitu kimoja tu: ripoti usiipeleke kwanza. Nguzo hizi zikiondoka mwisho wa mwezi bwawa litakuwa limepungua, nitaziba mwenyewe kwa mikono yangu, na wadudu wako watarudi kwenye vijumba vyao.

Mama nitamwambia jioni hii.

Ndugu yako,
Msimamizi

*

13 Februari

Mwanangu,

Usisome barua hii umesimama. Kaa. Umekaa? Haya.

Naambiwa daktari amekufunga kamba kama mwanambuzi. Mtii. Mimi niliwabeba ninyi wawili huku napika uji wa shule nzima, lakini hiyo haikuwa sifa, ilikuwa shida. Mwambie mkwe wangu afue mwenyewe, maji hayaumi mikono ya mwanamume.

Huku ni wazima. Fundi cherehani anakushonea nguo za mtoto, nimemwambia aache nafasi shingoni maana ukoo wetu tuna vichwa. Bintiye, yule Kibibi, ndiye mwenzangu wa kwenda mtoni siku hizi. Anabeba kindoo chake kidogo na maneno mengi. Jana ameniuliza kama mtoto wako atakuwa mdudu, kwa sababu amesikia wewe ni mama wa vidudu. Maji ya mto mazuri tu, mwaka huu hata hayajapungua. Matamu kama zamani.

Ndugu yako anakuja kila jioni. Sijui ana nini. Anakaa pale mlangoni ananitazama nikinywa maji kama mtu anayesubiri aambiwe karibu. Mpunguzieni kazi huyo mtoto, amekonda.

Ukiona mwandiko umetetemeka, ni meza, imelegea mguu.

Mimi mama yako

*

20 Februari

Pacha,

Nimesoma barua ya Mama mara mbili na sijaielewa. Anasema anachota mtoni na maji ni matamu. Ulimwambia au hukumwambia?

Kuhusu ripoti, nisamehe, niliipeleka ofisi ya maji kabla hujamaliza kunijibu. Nisingeweza kungoja nguzo. Na nikuambie ilivyokuwa, maana huenda ukadhani nimewaletea jeshi. Afisa alinipigia, mpole kabisa, akaniuliza, "Dada, hao wadudu walikufa kwa nini?" Nikasema, ndiyo tunataka kujua, chukueni maji mpime dawa. Akasema maji lazima yapelekwe maabara kuu, na maabara kuu kuna foleni. Kisha akacheka kidogo. "Unajua ukiniletea mtu mgonjwa, faili linakwenda mbio. Ukiniletea wadudu hawapo..." Hakumalizia.

Ngongoti ameniletea chupa nyingine. Amekuta kaa wa mtoni wamepanda ukingoni, wamekaa kwenye majani makavu, hawataki kurudi majini. Ameniambia aliwasukuma kwa fimbo na wakatoka tena.

Nijibu kuhusu Mama. Nijibu hilo tu, mengine baadaye.

Mama Vidudu

*

25 Februari

Dada,

Nilimwambia. Jioni ileile ya barua yako nilikwenda, nikakaa, nikamweleza yote. Mama unamjua, ana akili yake. Usimuulize kwenye barua, utamchanganya tu, na wewe mwenyewe damu itapanda. Hilo niachie mimi.

Ofisi yako ya maji imempigia simu Bosi kabla ya kupigia maabara. Sasa anajua mwenye ripoti ni dada yangu. Ameniita mbele ya watu akaniuliza kama nyumbani kwetu tunakula wadudu. Watu wakacheka. Mume wa fundi cherehani alicheka kuliko wote, na mimi nikacheka pia, ningefanya nini?

Magunia yamelowa. Mvua zimeanza mapema. Nguzo bado zipo.

Msimamizi

*

14 Machi

Dada yangu mpenzi,

Mvua ya wiki iliyopita ilikuwa kubwa, sijaona nyingine kama hiyo tangu tuko watoto. Ukuta wa bwawa umekwenda. Wote. Nilifunga pampu kwa mkono wangu bila kumuuliza mtu, nikateremka bondeni nikipiga debe, napita nyumba kwa nyumba. Sasa hakuna anayegusa mto, wote wanapanda chemchemini.

Mama alishikwa na tumbo. Tulimpeleka zahanati, wakamtundikia maji, muuguzi alikuwa mtu mwema sana, hakumwacha. Mama sasa amepumzika. Usihangaike, usisafiri, usimpigie mtu simu. Nimeongea na shemeji, naye anasema vivyo hivyo. Kazi yako ni moja tu, kumleta huyo mtoto salama. Mama mwenyewe ndilo neno alilosema, kwamba wewe usisumbuliwe.

Nguo za mtoto zimekwisha. Fundi cherehani amenipa nikutumie. Shingoni ameacha nafasi.

Ndugu yako

*

19 Machi

Pacha,

Nguo zimefika. Nimezipanga kitandani nikalia, siku hizi nalia hata kwa kukosa chumvi.

Afadhali Mama amepumzika. Sikumbuki siku hata moja nimemwona amelala mchana. Mwambie nimesema asiharakishe kuamka, kazi za nyumba zitamngoja. Na asidanganywe na nafuu ya siku mbili arudi kwenye ndoo. Ukimwona anavaa kandambili, mfungie mlango.

Nimeogopa sana mwezi huu, nikuambie ukweli. Nilikuwa naona kama ananificha kitu. Ule mwandiko wake wa meza iliyolegea. Sasa kwa kuwa ukuta umevunjika, na watu wamejua hatari ya mto, na Mama yuko mikononi mwenu, nimepata usingizi kidogo.

Chupa ya baada ya mvua imefika. Ni tope. Hata ile minyoo myekundu haipo, nayo huwa inaishi mahali ambapo kila kitu kimeshindwa. Nilikaa na hadubini asubuhi nzima nikitafuta mguu, ubawa, chochote. Ngongoti aliiweka mezani akaondoka bila kunitazama usoni. Alikuwa na haraka, au mto huo umemchosha na yeye.

Shemeji yako amekuwa mtu wa kutoka nje kila simu ikilia. Nadhani baba mtarajiwa ana woga kuliko mimi.

Msalimie Mama. Mwambie apumzike.

Dada yako

*

3 Aprili

Dada,

Shemeji ameniambia mmetoka hospitali, wewe na binti yako, na damu imeshuka. Ameniambia daktari anasema sasa unaweza kuambiwa. Alitaka kukuambia yeye. Nikamwomba aniachie, na akupe barua hii ukiwa umekaa, mtoto akiwa mikononi mwake yeye na si mwako.

Mama hayupo. Alifariki tarehe kumi na mbili Machi, zahanati, mchana. Tulimzika kesho yake, nyuma ya nyumba, karibu na baba.

Nilikuandikia amepumzika. Nilijua utasoma ulivyosoma. Nililitafuta neno hilo kwa muda mrefu, neno ambalo si uongo. Uliponijibu nimwambie asiharakishe kuamka, nilikwenda na barua yako nyuma ya bwawa nikakaa mle kwenye tope.

Si yeye peke yake. Mzee wa ng'ambo ya mto naye amekwenda. Na Kibibi, binti wa fundi cherehani, amelazwa hospitali kubwa. Ameacha kutapika lakini miguu haina nguvu. Ukimchoma sindano unyayoni hasikii.

Nilie na wewe kwa njia gani nikiwa huku? Sijui. Mpe mtoto jina lolote unalotaka, ila mimi nitamwita Mama.

Ndugu yako

*

9 Aprili

Nilikuandikia tarehe nne Februari. Nilikwambia leo hii. Nilikwambia na majirani.

Umesema ulimwambia. Mtu aliyeambiwa kuna sumu hachoti kila siku na mtoto wa jirani pembeni. Hukumwambia. Ulingoja nguzo zako ziondoke. Ulikaa mlangoni kwake jioni baada ya jioni ukimtazama anakunywa, yeye mwenyewe ameniandikia, nami nikadhani umechoka na kazi.

Mimi nilikuwa nimekaa hapa na chupa. Nilikuwa na ushahidi wote mezani, nimeutenga kwa kibanio, na mama yangu ananyweshwa mto uleule. Halafu ukanifanya nimtumie salamu maiti.

Usimwite binti yangu Mama.

*

17 Aprili

Dada,

Barua yako nimeipata mahabusu. Ngongoti ameniletea, na kwa mara ya kwanza mlango ulimtosha kwa urefu.

Ukishashangaa, nikueleze kwa kifupi. Bosi amesafiri. Kabla hajasafiri aliandika kwamba msimamizi ndiye mwenye dhamana ya bwawa na hakuwahi kumjulisha hitilafu yoyote. Polisi walikuja wakanikuta kwenye yadi, pampu zimefungwa, nguzo zimelala. Nilikwenda nao. Sina ugomvi na hilo.

Ila hilo la Mama nitakueleza, si ili unisamehe, ni kwa sababu hakuna mwingine anayelijua.

Nilimwambia. Dada, nilimwambia kila kitu: ufa, dawa, wadudu wako, chemchemi. Alisikiliza mpaka mwisho akichambua maharage. Kisha akauliza, "Na msimamizi wa hapo ni wewe?"

Nikasema ni mimi.

"Nikionekana napanda mlimani na ndoo, fundi ataniuliza kuna nini mtoni. Nimjibu nini? Kwamba mwanangu anawanywesha dawa ya nguzo?"

Nikamwambia basi nitamletea madumu kwa gari la yadi.

"Wakiona maji yanakuja kwangu peke yangu, hapo ndipo watakapokuchoma moto. Nenda kazibe ufa wako. Mimi mto huu nakunywa tangu naolewa, mwezi mmoja hautaniua. Ng'ombe haelemewi na nunduye."

Nilirudi kila jioni kumwomba. Mara moja nilimwaga mtungi wake mbele yake. Akachukua ndoo, akaenda, akarudi, akachota kikombe na kukinywa chote huku ananitazama. Hakuwa na hasira. Akaniambia, "Umeona? Nenda nyumbani ukale."

Nikaenda nyumbani. Hicho ndicho nilichofanya. Ningeweza kupiga debe siku ile kama nilivyolipiga baada ya mvua, na nyumba ni zilezile. Nilijua la kufanya. Niliacha mama yangu anilinde, kama vile bado niko tumboni, na majirani wakakaa humohumo ndani ya kimya chetu.

Mama naye alijua Kibibi anachota pembeni yake. Hilo sijui niliweke wapi. Nimekaa nalo humu, nalizungusha, sioni pa kuliweka.

Kesi imetajwa. Mwendesha mashtaka anasema wadudu wako ndio ushahidi wa kwanza, kwa sababu walionyesha kabla ya ukuta kuvunjika. Utaitwa. Usipunguze kitu kwa ajili yangu.

Ndugu yako

*

6 Juni

Ndugu yangu,

Nakuandikia kutoka nyumbani kwa Mama. Nimekuja na mtoto, na Ngongoti amenisaidia mizigo. Nilidhani nitakuta vumbi na buibui. Nimekuta sakafu imefagiwa, kitanda kimetandikwa, kaburi limepandwa maua. Fundi cherehani ndiye anayefanya hayo tangu msiba. Anakuja kila asubuhi, anafungua madirisha. Ananiambia Mama alikuwa kama mama yake. Kibibi amerudi nyumbani. Anatembea kwa kujishika kwenye kuta na miguu anaitupa kama si yake. Madaktari wanasema huenda ikarudi, huenda isirudi. Maneno bado anayo yote. Amemkagua binti yangu vidole akatangaza kwamba si mdudu.

Siku ya pili niliingia mtoni mwenyewe, kituo cha chini. Nimewasoma wadudu wa mto huu kwenye sinia la maabara kwa miaka, lakini mto wenyewe hapo nilikuwa sijasimama tangu tulipokuwa tunaogelea. Niliinama, daktari yuko mbali. Nilipindua mawe mpaka viganja vikachubuka. Chini ya jiwe zuri kunakuwa na harakati ukilinyanyua, wanakimbia kwa hasira kama watu waliotolewa blanketi. Haya yalikuwa mawe tu. Ngongoti akaniambia, "Kituo cha juu bado wapo. Watateremka, ila ni miaka." Nilimwuliza miaka mingapi, akasema hajui, na mimi ambaye ni kazi yangu sijui pia.

Jana fundi cherehani alikuja na fagio lake kama kawaida. Hakufagia. Alisimama mlangoni akasema, "Watu wanasema kaka yako alijua tangu Februari."

Nikamwambia ni kweli.

"Na wewe?"

"Na mimi. Mimi ndiye niliyemwambia. Nilimwambia awaambie ninyi."

Kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa tangu barua yako ya mahabusu. "Mama alijua?"

Pacha, ningeweza kusema sijui. Nilikuwa na mtoto begani, ningeweza hata kujifanya ananililia. Mama amekufa, hakuna hakimu atakayemwita. Yule mwanamke anampandia maua. Nilifikiri, mwachie hata hiki kimoja, kwamba kulikuwa na mtu mmoja hapa bondeni aliyempenda bila kumficha. Kisha nikamwona Kibibi nyuma yake, ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, anamsubiri mama yake ammalizie hatua iliyobaki.

Nikasema, "Alijua."

"Alikuwa anamshika mkono wakienda."

"Ndiyo."

"Huku anajua."

"Ndiyo, dada."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliegemeza fagio ukutani, akambeba Kibibi, mtoto mkubwa yule, miguu inaning'inia, akaondoka naye. Leo madirisha nimefungua mwenyewe. Nilipokwenda chemchemini wanawake walinipisha nichote kwanza, kama mgeni, na hakuna aliyenisalimu.

Sikukasirikii kama nilivyokuwa nakukasirikia. Sasa nina kazi ya kumkasirikia na Mama, na sijui namna ya kuifanya, hakuna aliyenifundisha. Natazama kaburi lake nataka kumwuliza kama sisi wawili tulikuwa na thamani ya miguu ya mtoto wa mtu. Najua angejibu nini. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba najua, na kwamba nikimtazama binti yangu amelala sina hakika mimi ningejibu tofauti.

Jumatatu nitasimama mahakamani. Nitaeleza chupa zote, ya juu na ya chini, mwezi kwa mwezi. Nitaeleza kiatu cha Bosi kwenye ule ufa, maana uliniandikia Februari, kabla hujajua utahitaji kujitetea, na barua nimeikabidhi. Nitaeleza pia kwamba uliniomba nisipeleke ripoti. Nitaeleza kwamba Mama aliambiwa na akachagua. Mwendesha mashtaka anasema hili la mwisho si lazima. Nimemwambia kwa watu wa bonde hili ni lazima.

Usinitafute macho nikiwa pale mbele, sitaweza kusema. Nikimaliza, nitazunguka upande wa nyuma ambako wanaruhusu ndugu, nikuletee chakula, nikuonyeshe mtoto. Nimemwambia askari wa zamu, amekubali. Yote mawili nitayafanya siku hiyohiyo, ndugu yangu, na usiniambie nichague.

Dada yako